Kunde Hakumkimbia Bi Zuleha

Kwa Mzee Hashimu,
Nyuma ya soko,
Kibondo, Kigoma.
30 Aprili 2025.

Mpendwa Shangazi Zaitun,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua mwezi wa mfungo sasa limekuachia upande ngazi zako bila kushika ukuta. Watoto hawajambo? Na joto la Tanga mnalionaje? Hapa kwetu nikiwaambia watu kwamba huko mnalala bila blanketi hawaniamini.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mvua haijatuacha. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mabati, na matope mekundu yanaingia ndani na kila mguu unaoingia. Mahindi ya shamba la Murungu yamekomaa, na Baba anatafuta watu wa kuvuna kabla ngedere hawajayamaliza. Mama anashinda naye dukani kwa kuwa vitenge vimeanza kutoka tena. Bibi, mama yako, anakula vizuri na sauti yake iko palepale. Anasema umemsahau. Najua si kweli, ila nilimwahidi kwamba nitakufikishia.

Mimi, kama ulivyosikia, nilifaulu kidato cha nne kwa daraja la pili. Sasa nasubiri majina ya waliochaguliwa kidato cha tano. Ninataka sana kwenda, Shangazi. Popote watakaponipangia nitakwenda, hata kama ni mbali kiasi cha kulala njiani.

Hilo naomba ulishike tangu mwanzo, kwa sababu ndilo ninaloogopa kulipoteza. Naogopa kwamba kabla majina hayajatoka nitakuwa nimeshakuwa mke wa mtu Kasulu.

Huenda habari hii umeshaipata. Kama umeipata, bila shaka umeambiwa kwamba mimi nimeridhia. Sijaridhia. Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa maneno haya nikiyapeleka kwenye simu yananikwama kooni. Unanijua. Kalamu hainitazami usoni.

Acha nikueleze nilivyoanza kushuku. Usinicheke, lakini aliyenifumbua macho ni paka.

Humjui Kunde, maana aliletwa baada ya safari yako ya mwisho. Ni jike, rangi yake ni maji ya kunde, na ni mwoga kupita kiasi. Mtu akipiga hodi barazani, kabla hajaitikiwa, Kunde ameshaingia nyuma ya magunia ya maharage chumbani kwa Bibi. Hatoki mpaka mgeni avae viatu vyake aondoke. Alimkimbia fundi wa umeme. Alimkimbia sheikh aliyekuja kumsomea Bibi dua. Amewakimbia hata watoto wa jirani waliomletea vichwa vya dagaa. Divine, rafiki yangu, binti wa Mama Esteri anayeuza mawese, alianza kuja kwetu wakati mahindi yakiwa machanga. Tulikuwa tumeshayachoma na kuyala ndipo Kunde alipokubali kutoa pua mbele yake.

Watu wa nyumbani husema paka kaiga tabia yangu. Ni kweli kwamba mgeni akija mimi huweka sinia karibu na pazia, nakohoa kidogo ili Mama aje alichukue, kisha narudi jikoni. Sijivunii. Ndivyo nilivyo, na bado najitahidi.

Sasa, Jumapili iliyopita walifika wageni kutoka Kasulu, wazee wawili wa kiume na mwanamke mmoja anayeitwa Bi Zuleha. Bibi alimtambulisha kwa Baba akasema ni jamaa wa Mzee Haidari, yule mwenye maduka, na kwamba ndiyo kwanza anaifahamu nyumba yetu. Bi Zuleha akaitazama dari, akazitazama kuta, akasema kumbe Kibondo kuna nyumba zenye hewa namna hii. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai mkononi.

Shangazi, Kunde akatoka.

Alitoka chumbani kwa Bibi akitembea taratibu, mkia juu, akapita katikati ya miguu ya wale wazee kana kwamba ni miguu ya viti. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Zuleha. Akaunusa mkoba wake, akauzunguka, akakaa mbele yake na kumtazama usoni akingoja. Bi Zuleha akamkuna shingo bila hata kuangalia chini, akamwambia kwa sauti ndogo, "Leo sina kitu, mama. Nimekuja mikono mitupu."

Leo! Mtu ambaye ndiyo kwanza anafika?

Baba hakusikia, alikuwa akizungumza na wazee habari za barabara. Lakini Bibi alisikia. Alikohoa kikohozi kikubwa, akaita, "Mwanaheri! Hiyo chai inasubiri kualikwa?" Mama akaja kulichukua sinia. Nilipotazama tena, Bibi alikuwa akimsukuma Kunde kwa ncha ya mguu, na Kunde hakutaka kuondoka.

Baadaye Bi Zuleha alitoka kwenda kunawa uani. Ule mlango wetu wa nyuma unaujua ulivyo mfupi. Kila mgeni hugonga paji la uso pale, hata yule sheikh aligonga. Bi Zuleha aliinama akapita, huku anaendelea kuzungumza.

Walipoondoka, nilimsimulia Divine. Alikuwa ameleta dumu la mawese. Akaweka dumu chini akashika kiuno.

"Sikiliza sha," aliniambia, maana ndivyo anavyomwita rafiki, "mimi paka wenu alinikimbia msimu mzima, na nilikuwa namletea samaki. Huyo mama kamzoea lini?"

"Sijui."

"Basi jua. Mtu hawi mwenyeji kwa bahati mbaya."

Akaniambia pia kwamba sokoni kuna mwanamke alimwuliza Mama Esteri kama ni kweli yule binti mpole wa Mzee Hashimu anakwenda Kasulu. Mama Esteri alidhani ni habari za shule, akajibu kwamba ni kweli.

Nikaanza kuyakumbuka mambo niliyokuwa nayapita tu. Bibi alinizuia kwenda Murungu kupalilia, akasema jua litaniharibu, na jua lenyewe hatulioni kwa mvua. Alinipa kanga zake mbili ambazo hazijavaliwa. Alianza kunifundisha kupika wali wa nazi, akisema kwamba nazi zililetwa na "mtu mmoja". Na mimi niliporudi kutoka bweni mwezi wa kumi na moja nilimkuta Kunde amenenepa na anadai migebuka wa kukausha, samaki ambaye kwetu hununuliwa siku ya wageni wakubwa. Nilishangaa kidogo, nikaacha.

Nilimshuku Mama kwanza. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilimshuku, kwa sababu alikuwa amenunua sinia jipya na kuweka doti mbili za vitenge pembeni dukani. Nilimfuata jikoni nikamwuliza kama Bi Zuleha alishawahi kufika hapa kabla ya Jumapili. Mama aliendelea kusonga ugali.

"Mimi nashinda dukani," alisema. "Nitajuaje anayeingia mchana? Muulize mke mwenzako."

Mke mwenzangu ni Bibi. Unakumbuka utani wake. Tangu nikiwa mdogo ananiita hivyo, ananiambia nimemnyang'anya marehemu Babu, ananidai nimpikie mume wetu. Kila siku ananiozesha. Ameshaniozesha kwa mwadhini, kwa muuza mkaa, na kwa dereva wa lori aliyepotea njia ya Kakonko akaja kuomba maji. Mimi huwa nacheka, najifunika uso, nakimbia. Hayo ndiyo mazoea yetu sisi wawili, na nilidhani yanaeleweka.

Nilimkuta anachagua maharage kwenye ungo. Nikakaa karibu naye nikaanza kuchagua pia, maana mikono ikiwa na kazi ninaweza kuzungumza.

"Bibi, Kunde anamjua Bi Zuleha."

"Paka anajua nini? Paka anajua samaki."

"Ndiyo, Bibi. Samaki wa Bi Zuleha."

Akaacha ungo. Akacheka, lakini si kile kicheko chake cha utani. "Wewe mtoto," akasema, "watu wanadhani huna ulimi, kumbe umeuficha uvunguni."

Ndipo akaniambia. Mwaka jana alikwenda msibani Kasulu, akakaa jamvi moja na Bi Zuleha, akasikia kwamba Mzee Haidari anamtafutia mpwa wake mke mtulivu. Bibi akasema yeye anaye mjukuu. Kuanzia hapo Bi Zuleha akawa anakuja mchana, Baba na Mama wakiwa dukani na mimi nikiwa bweni, akiitazama nyumba, akiuliza tabia yangu, na kila safari na migebuka wake. Wote wawili wakakubaliana kwamba siku ya kuja rasmi ionekane ni mara ya kwanza.

"Na usimwambie baba yako," Bibi aliongeza. "Upande wa mwanamke hautafuti mume. Ukitafuta, unachekwa mpaka kizazi cha saba."

Nikamwuliza, "Na mimi mbona sikuulizwa?"

"Uliulizwa. Na ulikubali."

Shangazi, nilimwuliza lini. Akanikumbusha Idi. Ni kweli. Siku ile tulikuwa tumemaliza kula, Baba yuko kwenye mkeka anasikiliza redio, Bibi akaniita mbele yake akasema, "Mke mwenzangu, akija mtu wa heshima kutoka Kasulu, utamkataa?" Nami nikafanya kama siku zote. Nilijifunika mtandio usoni, nikacheka, nikakimbilia jikoni. Nilidhani ni dereva mwingine wa lori.

"Nilikuwa nadhani unanitania," nilimwambia.

"Nilikuuliza mbele ya baba yako, siku tukufu. Ukanyamaza. Ukaona haya. Mimi mwenyewe niliposomewa jina la babu yako nilijificha nyuma ya kinu, na kwa huko kujificha wali wangu wa harusi ukapikwa. Kimya cha mwanamwali ndiyo idhini yake. Hata sheikh atakwambia."

Na Baba alisikia, Shangazi. Yeye naye alipokea kimya changu kama jibu. Ndiyo maana amekuwa mpole kwangu siku hizi, na ananitazama kama mtu anayeaga. Mimi nilikuwa nadhani amefurahia matokeo yangu.

Naomba usimkasirikie Bibi. Nilimwuliza kwa nini alifanya siri yote hii, akajibu kitu ambacho sijaweza kukichukia. Alisema, "Wewe unaogopa watu. Watakupeleka shule ya mbali, miongoni mwa wasichana wanaojua kupiga kelele, nani atakusikia ukiumwa? Nilitaka nikutafutie nyumba ndogo yenye amani kabla sijafa." Anadhani ananificha mahali salama. Lakini bado namshuku. Tangu siku ile, nikiingia chumbani anakata maneno kwenye simu. Na jana nilimkuta anapima urefu wangu kwa macho wakati fundi cherehani amekaa barazani.

Kijana mwenyewe anaitwa Khatibu. Nimeonyeshwa picha yake, amesimama kando ya pikipiki, amevaa koti. Huenda ni mtu mwema. Sina neno lolote baya juu yake, na wala sisemi kwamba sitaolewa maishani. Nasema sijasoma bado, na sijaulizwa.

Nilijaribu kumwambia Baba juzi tukiwa tunakula. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi. Nikamwita, "Baba." Akageuka kwa upole wote, akasema, "Naam, mwanangu?" Wote wakaacha kula wakanitazama. Nikasema, "Chumvi." Akanisogezea chumvi. Nikaitia kwenye mboga ambayo ilikuwa na chumvi ya kutosha, nikaila yote.

Divine alipopata habari alikasirika kuliko mimi. Alisema njia ni rahisi, nimweleze Baba kwamba Bibi ndiye aliyekwenda kutafuta mume, basi, posa itavunjika siku hiyohiyo kwa aibu. Nimelifikiria sana. Ni kweli ingevunjika. Lakini Bibi angekaaje na Baba baada ya hapo? Angetokaje barazani? Mimi najua ilivyo mtu kutotaka kutazamwa. Siwezi kumtia yeye katika hali hiyo ili nijiponye.

Kwa hiyo nikaona kwamba lazima nikatae mwenyewe, kwa mdomo, bila kumtaja mtu.

Leo asubuhi nilianza na Bibi. Alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko anaota moto. Nilisimama mbele yake, mikono mitupu, sikushika ungo wala ufagio. Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilitoka. Nilisema, "Bibi, uliponiuliza siku ya Idi sikukujibu. Sasa nakujibu. Sitaki kuolewa. Nataka kwenda kidato cha tano. Nikiumwa huko nitasema, kama ninavyosema sasa."

Bibi hakusema kitu. Aliniangalia, halafu akajifunika kanga mpaka puani na kugeukia moto.

Nilisimama pale nikingoja. Kwa sheria yake mwenyewe ningeweza kusema kwamba amekubali, nikatoka mbio kwenda kumtangazia kila mtu. Na nilitamani kufanya hivyo. Lakini sijui kilichokuwa ndani ya kile kimya. Inawezekana alikuwa analia, inawezekana alikuwa ananikasirikia, inawezekana alikuwa anawaza atamwambia nini Bi Zuleha. Sitamsemea. Kesho nitamwuliza tena, na nitangoja mpaka aseme.

Sasa ombi langu, Shangazi. Jumapili ijayo watu wa Mzee Haidari watarudi na barua ya posa. Kabla ya hapo Baba atakupigia simu, kwa sababu jambo la mtoto wa kike katika nyumba yetu haliendi bila neno la shangazi yake. Atakwambia kwamba Mwanaheri ameridhia. Hatakuwa anadanganya, ndivyo anavyoamini.

Tafadhali usimjibu "mlivyoamua ni sawa". Wala usigombane naye kwa niaba yangu, na wala usitaje safari za Bi Zuleha. Mwombe tu aniite, anipe simu, kisha uniulize wewe mwenyewe, yeye akiwa anasikia. Niulize kwa maneno ya wazi, bila utani: Mwanaheri, unakubali au unakataa?

Huenda nitachelewa kujibu. Utasikia redio, utasikia mvua kwenye mabati, utadhani simu imekatika. Usikate. Na mtu yeyote pale ndani akisema, "Si umeona, amenyamaza," mwambie asubiri, sijamaliza. Ningoje, Shangazi. Nitasema hapana.

Barua hii anaibeba Mzee Twalibu, anayekuja huko kufuata mzigo wa dukani kwake. Nimemwomba aiweke mkononi mwako, asimpe mtu mwingine. Aliniuliza kuna nini ndani, nikamwambia ni salamu, naye akanitazama kama asiyeamini.

Nisalimie watoto wote, na yule mdogo mwambie kwamba picha yake ya jogoo aliyoichora bado iko ukutani. Mama anakusalimu sana. Mama Esteri anakusalimu na anasema mawese yako yapo, umtume mtu. Divine anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema ameshakupenda. Baba hajui kwamba nakuandikia, lakini salamu zake huwa hazikatiki, basi zipokee.

Mwenyezi Mungu akulinde na kila lenye kudhuru, akupe afya, na autie ulimi wako hekima siku simu ya Baba itakapokuita, na wangu autie nguvu.

Mimi ninayekupenda na kukutegemea,
mtoto wa kaka yako,
Mwanaheri Hashimu